Mahojiano ya zamani yana kazi bado

Mhariri,

Akina mama wanaolea watoto peke yao Mtwara huulizwa yaleyale na kila mtafiti: matunzo, ada, baba yuko wapi. Majibu mengi yamekwisha kurekodiwa, yamelala kwenye kompyuta. Yatumike tena, kwa masharti.

Isomwe kwanza fomu ya ridhaa. Kama mama alikubali utafiti mmoja tu, arudiwe aulizwe, la sivyo data iachwe. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kufuta jina hakutoshi, na hapa ndipo wengi huharibu. "Muuza pweza, watoto wanne, mmoja haoni, anakaa nyuma ya zahanati": kijiji kizima kimeshamjua. Andika [mfanyabiashara mdogo, kijiji cha pwani]. Mabano yaonyeshe palipobadilishwa, na orodha ya majina halisi ikae faili jingine lenye nywila. Lakini ukimfuta na mjomba umeiua data. Kwa Wamakonde na Wamwera, wanaofuata ukoo wa mama, huenda mjomba ndiye aliyelipa ada, na huyo "mama peke yake" hakuwa peke yake kihivyo.

Sauti isikilizwe pia, hasa mahojiano ya Kimakonde ambayo maandishi yake yamebaki kwa tafsiri tu. Na asiyetaja matunzo asihesabiwe kuwa hakupata, pengine hakuulizwa. Mwongozo wa maswali uombwe kabla ya kufungua faili la kwanza.

Watafiti wa jamii,
Mtwara