Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jumla Iko Sawa, Ekseli Imezidi

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimekaguliwa na Mweka Hazina atazisoma mwenyewe, sitamwingilia. Mimi muda wangu nautumia kwenye jambo lililotupigisha simu usiku na mchana mwaka mzima, yaani mizani ya kupimia malori barabarani.

Malalamiko karibu yote yalifanana. Dereva yuko njia ya Tunduma, anapiga: "Mwenyekiti, jumla yangu iko chini, mbona nimezuiwa?" Amezuiwa kwa sababu mizani haiangalii jumla peke yake. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 2019, inaweka kikomo kwa kila kundi la ekseli, yaani mihimili ya magurudumu iliyo pamoja. Ekseli ya usukani ni tani 8. Ekseli moja yenye tairi nne ni tani 10, mbili za difu, yaani za nyuma ya kichwa zinazosukuma gari, zikiwa pamoja tani 18, na tatu za trela tani 24. Jumlisha, unapata semi, yaani kichwa na trela lake, ya ekseli sita yenye tani 50. Gari la kawaida halivuki tani 56, hata likiwa na ekseli saba.

Sasa chukua semi iliyosoma tani 8 mbele, 20 kwenye difu na 21 kwenye trela. Jumla ni 49, iko ndani. Lakini difu imezidi tani 2 nzima, wakati trela lina nafasi ya tani 3 isiyotumika. Mzigo umekaa mbele mno, basi. Na kuusahihisha hakuhitaji umbali mkubwa: kama kutoka sahani ya kichwa, pale trela linapokaa, hadi katikati ya ekseli za trela ni mita 7.5, mzigo wa tani 28 ukirudishwa nyuma nusu mita tu, karibu tani 2 zinatoka kwenye difu kwenda kwenye trela. Nusu mita, ndugu zangu. Mwenye forklifti yadini anaimaliza kwa dakika chache. Wewe porini, na kontena lina lakiri ya forodha, huwezi kuigusa bila ofisa wa forodha kuwepo. Unalala hapo, posho inaisha, na tajiri anakuuliza wewe, hamuulizi aliyepakia.

Wanaobeba shaba kutoka Kongo wanalijua hili kuliko sisi wengine. Shaba ni nzito na haijazi trela. Mabunda machache yaliyolala chini, juu kuko wazi, na asiyejua anasema gari limebeba nusu, ongeza. Jicho haliwezi kupima shaba. Wenzetu wa vigae na saruji, nanyi msicheke, kontena la futi 20 likiwekwa mbele kabisa ya trela la futi 40 litawafikisha palepale.

Nitaje pia supa singo, tairi moja pana badala ya mbili, maana wapo walionunua trela mwaka huu kwa kuvutiwa na wepesi wake. Wepesi upo kweli, na tairi za kutunza ni chache. Ila sheria inazipa ekseli tatu zenye tairi moja pana kila upande tani 22.5, si 24. Umeshapoteza tani 1.5 kabla hujaingia yadini. Mwenye gari aambiwe hivyo kabla hajakubali mkataba wa mzigo, asije akaambiwa na mizani.

Oktoba 2013, Wizara ya Ujenzi ilipofuta msamaha wa asilimia 5 kwa uzito unaozidi kikomo, malori yaligoma hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda akausitisha uamuzi ule. Kuna wanachama wanaotaka turudi kwenye mapambano ya namna hiyo, kudai asilimia ziongezwe. Mimi siwaungi mkono, na nasema wazi mbele yenu. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois huko Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kuwa uharibifu unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ukiibebesha 12, umeongeza moja ya tano ya uzito, lakini lami inaumia zaidi ya mara mbili. Makorongo ya tairi tunayoyakwepa sisi wenyewe yametokana na hesabu hiyo. Tukidai asilimia, tunadai barabara mbovu zaidi.

Kuhusu urefu sina mengi. Lori lenye trela la kuvuta mwisho wake ni mita 22, kuanzia bampa la mbele hadi mwisho wa nyuma. Wanaorefusha mkono wa trela ili bodi kubwa lipate nafasi, wajue kwamba wakipinda kona za Kitonga, trela linakata upande wa anayepanda. Mzigo usioweza kugawanywa, kama transfoma au mtambo, una kibali chake maalumu. Nondo hazimo humo.

Kamati ilizungumza na baadhi ya wenye magari. Walisikiliza, wengine wakaahidi, wengine wakatazama saa. Kwa hiyo tunaleta pendekezo kwenye mkutano mkuu mlipigie kura. Mwanachama asitoke yadini bila karatasi ya mizani inayoonyesha kila kundi la ekseli. Pale ambapo yadi haina mizani, aliyepakia aandike mzigo umekaa wapi na asaini. Na kama kontena lilifungwa kwa lakiri kabla dereva hajalifikia, faini ya ekseli isikatwe kwenye posho yake. Hili la mwisho ndilo litakaloleta ubishi, na najua wamiliki wawili watatu waliomo humu chamani watalipinga. Waje walipinge mkutanoni.

Nafasi za Katibu Msaidizi na wajumbe wawili wa kamati ziko wazi. Fomu anazo Katibu. Mtakaokuwa safarini siku ya mkutano, mwachieni Katibu kura yenu kwa maandishi kabla ya kuondoka.

Mwenyekiti