Malalamiko: Nimetozwa Fedha za Usafi wa Kompyuta Ambao Haukufanyika

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilileta kwenu kompyuta mpakato yangu ya mwaka 2012, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5 kizazi cha tatu, kwa sababu ilikuwa inachemka na kujizima katikati ya kazi. Nilimweleza kijana wenu wa mapokezi dalili zote: feni inaunguruma muda wote, tumbo la mashine halishikiki, lakini hewa inayotoka ubavuni ni hafifu na wala si ya moto. Dalili hiyo ya mwisho ilitosha kumwelekeza fundi. Prosesa ikichemka huku hewa inatoka baridi, joto halifiki nje: ama njia imeziba kwa vumbi, ama grisi inayolipitisha kwenda kwenye bomba la shaba imekauka.

Kabla hata ya kushika bisibisi, fundi wenu alisema mazabodi (ubao mkuu wa ndani) imekufa, mashine yenyewe ya zamani, bora ninunue nyingine, akanionyesha mnazouza. Nilipokataa mkanitoza shilingi 60,000 za "usafi wa ndani na grisi mpya". Risiti ninayo.

Ilizima tena jioni ileile. Fundi wa mtaani kwetu Tabata akaifungua mbele yangu. Kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, akalivuta lote kwa kibano. Grisi ilikuwa kavu, inapukutika kwa kucha. Skrubu moja kati ya nne zinazokandamiza bamba la shaba juu ya prosesa haikuwepo, na tundu lake lina mikwaruzo mipya. Kwa hiyo mliifungua, mkaliona vumbi, mkafunika.

Prosesa hii ina kikomo cha nyuzi joto 105. Ikikaribia hapo hujipunguzia kasi, na joto likizidi hujizima isiungue. Mashine ilikuwa inajilinda, nanyi mkaitangazia kifo. Baada ya usafi wa kweli, joto kwenye kazi nzito limeshuka kutoka nyuzi 98 hadi 74, na haijazima tena.

Mimi ni mwalimu, mitihani ya wanafunzi wangu naiandalia humo. Inaniuma kufikiria wateja waliokubali maneno hayo wakaacha mashine nzima mezani kwenu.

Naomba mnirejeshee shilingi 60,000, mnipe na gharama ya skrubu niliyonunua, na mnieleze kwa maandishi fundi wenu alifanya nini hasa. Nasubiri jibu ndani ya siku 14. Mkikaa kimya nitawasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), nikiambatanisha risiti na picha zilizopigwa mashine ikiwa wazi.

Wenu,
Mteja, Tabata