Binti wa dawati la nyuma

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, Mama Salma bado anadai sahani zake. Nilinyamaza miezi yote hii nikijua una mtoto mchanga, ila leo nimeshindwa.

Juzi nikiwafundisha kidato cha sita jinsi mwanga unavyopungua nguvu ukipanda kutoka duniani, binti mmoja wa dawati la nyuma, hasemi kamwe yule, kanyoosha mkono: "Mwalimu, mwanga hauna tungamo. Ukipanda juu, unachoshwa na nini?"

Nikachora lifti iliyo mbali na kila sayari, inapanda huku ikizidisha mwendo. Taa sakafuni, jicho darini. Mwanga ukiwa njiani, dari imeshaongeza kasi, inaukimbia. Mawimbi yanafika yametanuka, yameegemea wekundu, maana rangi nyekundu ndiyo yenye mawimbi marefu. Na aliyefungiwa ndani hana namna ya kujua kama anasukumwa na lifti au anavutwa na dunia. Basi hata mwanga unaopanda kutoka ardhini lazima ufanye vivyo hivyo! Einstein aliliwaza hilo 1907, akiwa bado ofisi ya hataza pale Bern, Uswisi. Mwili ulinisisimka, Rehema, kama mara ya kwanza tulipolielewa pale bwenini.

Nikawapa na jaribio la wanafizikia Pound na Rebka, Chuo Kikuu cha Harvard, 1960. Mnara wa mita 22.5 tu, mionzi ya gama (mwanga wenye nguvu nyingi usioonekana) itokayo kwenye chuma-57, aina moja ya atomi za chuma. Tofauti ya mawimbi kati ya chini na juu waliyoisaka ni sawa na ile inayoletwa na chanzo kinachosogea milimita 2.7 kwa saa. Kwa saa! Na wakaipata.

Lakini binti hakuridhika. "Kwa hiyo mwanga umechoka, au saa za chini ndizo zinazochelewa?" Nikamjibu umechoka, kengele ikalia, na tangu hapo silali vizuri. Maana mawimbi hayapotei njiani: yakitoka elfu, yatafika elfu. Kama juu yanahesabiwa machache kwa kila sekunde, basi sekunde zenyewe hazilingani. Setilaiti za GPS ndivyo zilivyo, kwa ajili ya kuwa juu peke yake saa zao hutangulia zile za ardhini mikrosekunde 45 (sehemu za milioni za sekunde) kwa siku. Mwendo wa setilaiti zenyewe unazirudisha nyuma 7... Nilimdanganya yule mtoto, na Jumatatu naingia tena.

Wewe ungeanza na saa moja kwa moja? Au nimwachie lifti kwanza? Na lifti ikiwa kubwa kama dunia nzima, bado hoja inasimama? Lile daftari lako la kijani unalo? Mtoto analala usiku? Nijibu kabla ya Jumapili, tafadhali.

Wako,
Asha