Mota ya mstari ina mwanzo na mwisho

Kwa Mhariri,

Makala ya sayansi mliyochapisha hivi karibuni ilieleza kwamba mota ya indaksheni ya mstari, yaani ile inayosukuma chombo kwa mstari ulionyooka kwa nguvu ya uga wa sumaku, ni mota ya kawaida ya kuzunguka iliyopasuliwa na kukunjuliwa kama jamvi, na kwamba hesabu zake ni zile zile. La kwanza ni kweli. La pili si kweli, nalo linatuongezea kazi sisi tunaofundisha umeme hapa Malindi.

Kasi ya uga wa sumaku haina utata: ncha za sumaku zikiachana kwa sentimita 10, kwa umeme wetu wa hezi 50, uga husafiri mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa.

Tatizo liko kwingine. Fungua mota ya pampu katika karakana yoyote mjini, utakuta koili za shaba zimezunguka duara zima, hivyo rota, yaani sehemu inayozunguka, haitoki ndani ya uga hata mara moja. Katika mota ya mstari, bamba la alumini, linaloshika nafasi ya rota, huingia chini ya koili likiwa bado halina sumaku, na mikondo inayozuka ndani yake hupingana na uga huo hata ukachelewa kujijenga. Kwenye upande wa kutokea, mikondo iliyosalia huishia kuwa joto tupu. Kadiri mwendo unavyoongezeka, ndivyo hasara inavyozidi.

Mwaka 1983 mtafiti J. Duncan aliliingiza jambo hili katika sakiti ya kawaida ya kukokotolea mota kwa namba moja, Q, ambayo ni urefu wa mota ukizidishwa kwa ukinzani wa bamba, kisha ukagawanywa kwa indaktansi ya bamba (kipimo cha uga wa sumaku unaojengwa na mkondo) na kwa kasi ya chombo. Chombo kikiwa kimesimama, Q haina kikomo na hesabu za mota ya duara zinatosha. Q ikiwa 5, indaktansi ya kujenga uga hubaki takriban asilimia 80 ya ile ya chombo kilichosimama. Ikishuka hadi 1, hubaki asilimia 37 tu. Treni za njia ya Expo ya SkyTrain, reli ya mjini Vancouver, Kanada, zinaendeshwa kwa mota za aina hii tangu miaka ya 1980, na mhandisi anayepuuza Q angezikadiria kuwa na nguvu zisizokuwepo.

Naomba basi mchapishe masahihisho pamoja na fomula yenyewe, kwani mwanafunzi wa diploma mwenye kikokotoo anaweza kuifuata bila taabu.

Mwalimu wa umeme,
Malindi