Potwe hafukuzwi, husubiriwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na manahodha wanaopeleka wageni kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, huku kisiwani Mafia, na zaidi niseme na wenye hoteli wanaowatuma. Oktoba hadi Machi potwe husogea karibu na pwani ya Kilindoni wakifuata uduvi, na kila msimu kosa ni lile lile. Chombo kinamkata njia, potwe anazama, mashine inaongezwa moto kumkimbilia mwingine. Mgeni kalipa pesa yake na kamwona kwa dakika moja, na mnyama kakatishwa kula.

Potwe akila juu ya maji hufungua mdomo na kwenda polepole. Basi ukimwona usimwelekee. Simama kwanza, tazama pezi la mgongoni linaelekea wapi, kisha zunguka kwa mbali ukae ubavuni mwake, kamwe si mbele wala nyuma. Zikibaki mita 50, mwendo uwe wa mtu anayetembea. Zikibaki 30, toa gia na usiirudishe mpaka watu wote wawe wameonekana walipo. Wageni wakae ukingoni mwa chombo wateleze majini bila kuruka, maana kishindo humzamisha. Waogelee sambamba naye, mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, kwa kuwa mkia wake hupiga kushoto na kulia na una nguvu ya kumuumiza mtu. Asiguswe, wala asipigwe picha kwa mwanga wa flashi. Watu 10 wanatosha, na chombo cha pili kisubiri zamu yake kwa mbali.

Propela ikipita mgongoni mwake huacha mikato iliyopangana kama mbavu. Madoa meupe ya potwe mmoja hayafanani na ya mwingine, ni kama alama za vidole, na kwa madoa hayo watafiti wamewatambua wale wale wakionekana Mafia mwaka hadi mwaka, wengi wao madume machanga. Yaani potwe unayemjeruhi leo ndiye utakayemtafuta mwakani.

Nahodha hakosei peke yake. Tangazo la hoteli likiahidi kwamba mgeni ataogelea na potwe, na nahodha akijua malipo yake yanategemea kuonekana kwa potwe, atafukuza tu. Mwuzieni mgeni safari ya kumtafuta, mwambieni wazi kabla hajapanda kwamba huenda asionekane, na mlipeni nahodha kwa siku.

Wavuvi wa dagaa nao wana lao, kwa sababu potwe hufuata chakula kule kule wanakozungusha nyavu. Akinaswa ndani, njia ya haraka wanayoikimbilia wengi ni kumfunga kamba mkiani na kumvuta, na hiyo humuumiza vibaya. Njia bora ni kushusha kamba ya juu yenye maboya upande mmoja, mtu mmoja au wawili wakiikandamiza chini ya maji, ili apate mlango. Kwa kawaida atautumia mwenyewe. Dagaa kiasi watapotea, lakini wavu utabaki mzima.

Wapo wanaosema dawa ni kurudi kwenye tanga. Kwa potwe nakubali, tanga halina propela. Ila wakati wa kusi, Julai hadi Oktoba, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari za Antaktika kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto, na hapo ukimya wa tanga una hatari yake. Nyangumi asiposikia chombo anaweza kuibuka mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Tena tanga la pembetatu likijaa upepo huficha karibu upande wote wa demani, yaani upande usiopigwa na upepo, na mshika usukani aliyekaa tezi, nyuma ya chombo, haoni kilicho nyuma ya tanga. Kwa hiyo kwenye jahazi au mashua inayovuka kutoka kisiwa hadi kisiwa, awepo mtu omo ambaye kazi yake ni kutazama tu, asipewe kamba ya kushika.

Pumzi ya nyangumi huonekana kwa mbali kama moshi mweupe unaopanda na kutoweka. Ukiiona, amua mapema. Kupitisha foromali, boriti inayobeba tanga, upande wa pili wa mlingoti kunataka mikono mingi na nafasi, kwa hiyo huwezi kukwepa ghafla. Akiibuka karibu, usijaribu kugeuza. Legeza kamba ya demani inayovuta tanga, tanga limwage upepo, mwendo ufe, naye apite. Bakizeni mita 100, na mkiona mama na ndama wake msipite katikati yao hata kama nafasi inaonekana kubwa.

Ombi langu kwa wahusika wa hifadhi ni dogo. Kabla ya Oktoba uwekwe ubao ufukweni Kilindoni, pale vyombo vinapopakia wageni, umbali huo wote uandikwe kwa Kiswahili kwa herufi kubwa, na pembeni uchorwe mchoro wa chombo kilichokaa ubavuni mwa potwe.

Nahodha,
Kilindoni, Mafia