Utoeni Mkono Mfukoni: Barua kwa Wenzangu Wenye Parkinson

Kwa ndugu zangu wa Nairobi mlioambiwa na daktari kwamba mna ugonjwa wa Parkinson, na kwa wake, waume na watoto mnaowauguza,

Assalaam alaykum. Nanyi ndugu zangu Wakristo, amani iwe kwenu, maana maradhi haya hayamuulizi mtu dini yake.

Nimefundisha madrasa hapa Pumwani tangu ujana wangu, na Parkinson ninaishi nayo miaka mingi sasa. Nawaandikia kwa jambo moja tu: acheni kuficha. Nawaona. Mzee yuko ndani ya matatu, mkono wa kulia ameukalia. Mama yuko harusini anakataa chai, na kiu anayo, kwa kuogopa kikombe kisigonge kisahani mbele ya wakwe. Na mkono huu ni mkaidi: hutetemeka zaidi unapopumzishwa, na mtu akiingiwa na wasiwasi ndipo huzidi.

Najua mnachokiogopa. Mtaani mtu akitetemeka husemwa ni pombe, au karogwa, au kalaaniwa. Daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1817, na ndiyo maana yanaitwa kwa jina lake. Ndani ya ubongo zimo seli zinazotengeneza dopamini, ambayo huusaidia mwili kwenda kwa wepesi. Seli hizo hufa polepole, na mpaka mkono uanze kutetemeka, nyingi zimeshakwisha. Hayaambukizi. Mjukuu wako anaweza kunywea kikombe chako bila hofu yoyote.

Anayeficha huumia kwanza kwa daktari. Anaulizwa hali, anajibu "alhamdulillahi, njema," anachukua dawa na kurudi nyumbani. Mshukuru Mungu, ni wajibu wetu, kisha mweleze daktari yote: choo kigumu, pua isiyosikia tena harufu ya iliki, mateke unayompiga mwenzio usingizini, kizunguzungu unapoinuka, huzuni isiyo na sababu. Hayo nayo huja na Parkinson. Hiyo huzuni, wapo wanaohubiri kuwa ni upungufu wa imani, na mimi nasema wanawaonea wagonjwa. Nabii Yaqub alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye alikuwa Nabii. Huzuni ya ugonjwa huu hutoka ubongoni kama kutetemeka kunavyotoka ubongoni, na ina matibabu. Iombeeni dua, na mumtajie daktari.

Mtajieni na miti shamba mnayokunywa. Upupu huu unaowasha ngozi, mbegu zake zina levodopa, dawa ile ile iliyomo kwenye vidonge vyetu. Kwa hiyo muuza dawa za asili akisema unasaidia, hajasema uongo. Ila kwenye mbegu hujui umemeza kiasi gani, na ukichanganya na kidonge unaweza kuzidisha. Vilevile ukienda kutibiwa kutapika, sema mapema kuwa una Parkinson, kwa sababu dawa kama metoklopramidi huizuia dopamini na kukuongezea ugonjwa.

Kidonge kina saa zake, na hakipatani na protini. Ukikimeza pamoja na nyama au maharagwe, huchelewa kufanya kazi na mwili unabaki mgumu. Mimi humeza changu nusu saa au zaidi kabla ya mahamri na mbaazi. Hapa Nairobi tuko karibu na ikweta, nyakati za swala hazisogei sana mwaka mzima, basi nilikubaliana na daktari wangu vidonge vyangu vifuate adhana. Asiye na adhana aweke kengele kwenye simu. Msikiache ghafla hata siku mkijiona wazima. Kukikatiza ghafla ni hatari. Na Ramadhani ikikaribia, msijipangie wenyewe. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga katika Surat al-Baqara, na kukubali ruhusa yake ni ibada pia.

Sasa nije kwenye sauti, maana hapa ndipo niliposhikwa zaidi. Sauti hushuka mwenyewe usijue. Unajisikia unapaza, kumbe wenzako wanasikia mnong'ono. Uso nao hukakamaa, watu wa nyumbani wakadhani umewanunia. Darasani watoto wa nyuma walianza kuitikia kwa kuchelewa, wakitazama midomo ya wenzao wa mbele ndipo nao waitikie. Nilikumbuka dua ya Nabii Musa: "Na ulifungue fundo lililo katika ulimi wangu." Dua hiyo naipenda kwa sababu Musa hakuishia hapo. Aliendelea akaomba apewe ndugu yake Harun wa kumsaidia. Basi nami nilifanya yote mawili. Kila alfajiri nasoma Kur'ani kwa sauti ya juu kabisa, kama ninamsomea mtu aliye ng'ambo ya barabara, na wanaofundisha wagonjwa kuzungumza huwahimiza vivyo hivyo kupaza sauti. Na darasani nikamweka kijana mmoja akae kando yangu arudie ninayosema.

Mwandiko nao husinyaa. Benki moja ilikataa sahihi yangu kwa kuwa imekuwa ndogo, haifanani na ya zamani. Niliweka mkono juu ya kaunta, ukitetemeka vile vile, nikamwambia yule binti, "Mwanangu, huu ni ugonjwa, nipe fomu niandike sahihi mpya." Akanipa.

Mwaka 1980 nchi yetu ilipokea wageni wawili wenye nguvu zao: Muhammad Ali, na Papa Yohane Paulo wa Pili. Wote wawili Parkinson iliwapata baadaye. Mwaka 1996 Ali aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, mkono ukitetemeka dunia nzima ikimtazama. Papa alirudi Nairobi mwaka 1985 na 1995, na mpaka karibu na kifo chake mwaka 2005, sauti ikiwa imemwisha, bado alikuwa akitokeza mbele ya waumini. Waislamu kwa Wakristo, tumepewa watu wa kuwatazama.

Kwenu vijana: mzee wako akigandishwa mlangoni, miguu haiendi, usimvute mkono, utamwangusha. Mwambie ahesabu moja, mbili, au weka mguu wako mbele yake auvuke kama mstari. Akizungumza polepole, msimalizie sentensi zake. Mtembeze kila siku, kwa kuwa mazoezi yanasaidia kweli. Kwenye matatu mwambieni makanga mapema, "Mzee ni mgonjwa, subiri ashuke," wengi wao wana utu wakiambiwa.

Na msikitini wekeni viti. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia sahaba wake Imran bin Husayn aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa. Mimi Ijumaa hukaa kwenye kiti mwisho wa safu ya kwanza. Mwenye Parkinson aje tukae pamoja, na ndugu yangu Mkristo anikute uani baada ya swala, tunywe kahawa. Vikombe tutajaza nusu.

Wenu katika maradhi na katika dua,
Maalim, Pumwani, Nairobi