Alama za wabunge zitolewe kabla ya kura za maoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nichangie mjadala wa kuwapa wabunge alama, ambao kila Bunge linapokaribia ukingoni huibuka magazetini na vijiweni, kisha huzimika uchaguzi ukishapita. Sipingi alama zenyewe, kwa kuwa nimefundisha Uraia sekondari hadi kustaafu na kusahihisha ndiko kulikoniweka mjini. Ninachopinga ni desturi ya kuhesabu mara ambazo mbunge amesimama kuchangia, kisha kutokana na hesabu hiyo kubashiri kama atarudi mjengoni. Hayo ni mambo mawili, na mara nyingi la pili haliamuliwi na la kwanza.

Nisije nikaonekana ninamlenga mtu wa hapa nyumbani, nitaanza na Maine, jimbo dogo la kaskazini mashariki mwa Marekani. Sensa yao ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 1.36, chini ya nusu ya watu milioni 3.09 waliohesabiwa mkoani Dodoma katika sensa yetu ya mwaka 2022. Katika Bunge lao wanawakilishwa na watu wanne tu: maseneta wawili, kama ilivyo kwa kila jimbo la nchi ile hata liwe kubwa kiasi gani, na wajumbe wawili wa Baraza la Wawakilishi, ambao idadi yao hutegemea wingi wa watu. Wakiwa wanne, hakuna anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake, na msahihishaji hana kisingizio cha kuchoka.

Seneta Susan Collins wa chama cha Republican, aliyeingia Seneti mwaka 1997, anastahili A ya mahudhurio bila mabishano, kwa maana anajulikana nchini kwake kwa kutokosa kura ya kuitwa majina. Tangu Januari 2025 anaongoza Kamati ya Matumizi ya Seneti, inayogawa fedha za serikali, na kwa jimbo ambalo maelfu ya watu wake wanakula kwa jasho la karakana ya kuunda manowari ya Bath na ile ya kukarabati nyambizi ya Kittery, kiti hicho kina uzito kuliko hotuba mia moja. Kwenye msimamo ndipo kalamu yangu inaposita. Mwaka 2017 alikuwa mmoja wa maseneta watatu wa chama chake waliokwamisha jaribio la kufuta sheria ya bima ya afya iliyopitishwa enzi za Obama. Mwaka uliofuata akaunga mkono uteuzi wa Brett Kavanaugh kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, jambo ambalo wapigakura wengi wanawake hawakumsamehe. Na Februari 2021 akawa miongoni mwa saba wa chama chake waliotaka Donald Trump atiwe hatiani katika kesi yake mbele ya Seneti. Wakosoaji wake husema kwamba hupinga pale tu ambapo kura yake haibadili kitu, lakini ile ya mwaka 2017 ilibadili. Mimi nampa B.

Sasa tuitazame alama hiyo pamoja na matokeo ya uchaguzi. Mwaka 2020 tafiti za maoni ya wapigakura zilimweka nyuma ya mpinzani wake karibu kampeni nzima, naye akashinda kwa pengo la asilimia 8 na ushei, siku ileile ambayo Joe Biden wa chama pinzani aliibuka mshindi katika jimbo hilohilo kwa pengo la asilimia 9. Kipindi chake cha sasa kinamalizika Januari 2027, na kwa historia hiyo mimi sithubutu kuweka dau upande wowote.

Kinyume chake ni Jared Golden wa chama cha Democratic, mwanajeshi wa zamani aliyetumika Iraki na Afghanistan, ambaye mwaka 2018 alichaguliwa na wilaya ya uchaguzi ya kaskazini ambako Trump ameshinda mara zote tatu alizogombea urais. Machi 2025 alikuwa mjumbe pekee wa chama chake katika Baraza la Wawakilishi aliyeunga mkono mswada wa matumizi ulioletwa na Republican. Kwa kujitegemea kimawazo nampa A, ingawa najua wako wenzake ambao wangempa F kwa karatasi hiyohiyo. Na huyu, ambaye alikuwa ameshinda mahali ambapo chama chake hakitarajiwi kushinda, Novemba 2025 alitangaza kwamba hatagombea tena. Chellie Pingree wa wilaya ya kusini, aliyeko bungeni tangu mwaka 2009 na ambaye amejikita katika kilimo na chakula, sina haja ya kumchambua sana. Anapata B na kiti chake hakina wasiwasi.

Wa nne, Seneta Angus King, ndiye anayenirudisha nyumbani. King ni mgombea binafsi. Aliwahi kuwa gavana bila chama, akaingia Seneti baada ya uchaguzi wa mwaka 2012, akachaguliwa tena mwaka 2018 na 2024. Kwetu mtu wa namna hiyo hata fomu asingepewa, kwa sababu Katiba inamtaka mgombea adhaminiwe na chama. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2010 kwamba suala hilo ni la Bunge kuamua, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo Arusha iliposema mwaka 2013 kwamba zuio hilo linakiuka haki za raia, hali haikubadilika. Ibara ya 71 inaongeza kwamba mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kinakwenda. Kwa hiyo Golden wa Kondoa au Collins wa Kongwa angefikiri mara mbili kabla ya kukaidi chama, na msahihishaji anayempa alama ndogo ya ujasiri bila kulitaja hilo hatendi haki.

Kuna tatizo jingine ambalo wanaotoa alama hawaligusi. Collins anaweza kusahihishwa kwa sababu kura zake nzito zimeandikwa moja moja kwa jina lake. Katika ukumbi wetu hoja nyingi hupita kwa sauti, wanaosema ndiyo wakisema kwa pamoja na wanaosema siyo vivyo hivyo, na kura ya wazi ya kuitwa jina mmojammoja tunaizoea zaidi siku ya kupitisha bajeti kuu ya Serikali. Sisi tunaoishi Dodoma tunawaona waheshimiwa kwa karibu, hasa kuanzia Aprili hadi Juni ambapo vyumba vya kulala wageni hujaa na bei kupanda, lakini ukituuliza fulani alipiga kura gani juu ya muswada fulani, tutabaki kukuonyesha gari lake.

Ndiyo maana wananchi huamua kusahihisha kinachoonekana. Wilayani Chamwino nimekiona kisima chenye tangi jeusi juu ya mnara wa chuma na kibao cha uzinduzi kilichopakwa rangi vizuri, na chini yake ndoo za njano zimepangwa mstari toka alfajiri kwa sababu pampu ilikufa na fundi hajafika. Akina mama waliokuwa pale walimpa mbunge alama nzuri kwa kisima na lawama kwa kamati ya maji kwa pampu. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009 inamfanya mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo, na kwa hiyo kuna sehemu ya karatasi inayoweza kusahihishwa kwa shilingi na senti. Wenzetu wa Marekani, waliporudisha mwaka 2021 utaratibu wa wabunge kuombea fedha miradi ya kwao, waliwataka wajumbe wa Baraza la Wawakilishi kuyaweka maombi yao hadharani kwenye tovuti zao. Ni msomaji gani wa gazeti hili aliyewahi kuiona orodha kama hiyo ya jimbo lake?

Nije kwenye ubashiri wa nani atarudi. Mwaka 2010 Mzee John Malecela, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, aliangushwa katika jimbo la Mtera na kijana Livingstone Lusinde. Hakuangushwa Oktoba, aliangushwa kwenye kura za maoni za chama chake, na Oktoba ilibaki kuthibitisha. Vivyo hivyo Liz Cheney, mjumbe wa Republican katika Baraza la Wawakilishi kutoka Wyoming, jimbo dogo kuliko Maine kwa idadi ya watu, alipoteza kiti chake Agosti 2022 ndani ya chama, kwa wapigakura waliokasirishwa na msimamo wake dhidi ya Trump. Katika majimbo ambayo chama kimoja kina nguvu, mtihani wenyewe ni huo wa ndani, na kwetu hata atakayeongoza kura hizo bado hana uhakika hadi vikao vya juu virudishe jina lake.

Alama zinazochapishwa Septemba, wagombea wakiwa wamekwisha kuteuliwa, hazimsaidii mjumbe wa kura za maoni wala mwananchi. Naliomba gazeti lako lizitoe mapema mwaka wa uchaguzi, likiambatanisha orodha ya miradi ya Mfuko wa Jimbo kwa kila jimbo na kura ya kila mbunge kwenye bajeti, ambayo imo katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Waandishi wenu wanakaa humo ukumbini. Habari za pampu za Chamwino, sisi wasomaji tutawaletea.

Mwalimu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma